Kabla ya Kusema Bibi Amechanganyikiwa, Mpime Macho

Mzee akianza kuwapita wanawe mlangoni bila kuwasalimu, nyumba nyingi za kwetu Ramisi, Kwale, huwa na majibu mawili tayari. La kwanza: huo ni uzee tu, mwacheni. La pili husemwa kwa sauti ya chini: mzee ana mambo yake, au amechezewa. Makala hii namwandikia anayeishi na mzee wa namna hiyo, na pia anayemtumia pesa kila mwezi akiwa Mombasa, Nairobi au Doha. Lipo jibu la tatu, na linafaa kutangulia hayo mawili: apelekwe kupimwa macho. Sisemi kwamba macho ndiyo chanzo cha kila kitu. Nasema huwezi kuhukumu akili ya mtu kabla hujajua anachokiona ni kipi.

Jicho lenyewe halioni. Linapokea mwanga, linaugeuza kuwa ishara na kuzipeleka kwa mshipa wa fahamu hadi sehemu ya nyuma ya ubongo, na huko ndiko kunakoamuliwa kwamba hiki ni kikombe, yule ni Mwanasha, pale pana kizingiti. Ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, yaani retina, ni kipande cha ubongo kilichochomoza mtoto angali tumboni mwa mama. Kwa hiyo mzee anapoonekana kukosea anachokiona, kosa linaweza kuwa kwenye jicho, kwenye ubongo, au kote kuwili. Dimensia, yaani kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kunakoletwa na ugonjwa wa ubongo, mara nyingine hujionyesha kwanza kwenye kuona. Mara nyingine jicho bovu huifanya akili nzima ionekane mbovu. Kazi ya familia ni kutochanganya haya mawili, na kutokaa tu ikisubiri.

Utafiti nao umesogea. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet, likiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, liliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa kwenye orodha yake ya mambo yanayozidisha hatari ya dimensia. Orodha hiyo sasa ina mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, uziwi usiotibiwa, sigara na upweke, na jopo lilikadiria kwamba yote yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kutoona peke yake kulipewa asilimia 2. Ni fungu dogo, lakini ni miongoni mwa yale ambayo dawa yake inajulikana na inapatikana hapa hapa Kwale.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wakiongozwa na Dkt. Cecilia Lee, walifuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au presha ya macho. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipungukiwa na hatari ya kupata dimensia kwa karibu asilimia 30 wakilinganishwa na wasiofanyiwa. Msomaji makini atauliza: je, si kwamba anayekubali kupasuliwa ana afya nzuri tangu mwanzo? Watafiti nao walijiuliza hivyo, wakaangalia pia waliopasuliwa kwa presha ya macho, upasuaji ambao haurudishi uoni uliopotea. Hao hawakupata nafuu hiyo. Hilo halijathibitisha kwamba upasuaji wenyewe unazuia dimensia, ila kwangu mimi linatosha kuacha kumwambia bibi avumilie.

Utafiti mwingine ulifanyika Norfolk, Uingereza. Watu 8,623 wenye afya walikaa mbele ya skrini yenye nukta zinazotembea, wakaambiwa wabonyeze kitufe wakiona pembetatu inajitokeza. Baada ya miaka, 537 kati yao walikuwa wamepata dimensia, na ikabainika kwamba hao walikuwa wazito kuiona ile pembetatu hata miaka 12 kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Macho yao yalikuwa yakipokea mwanga. Inaelekea kilichochelewa ni ubongo kuupa maana. Usikimbilie kutafuta kipimo hicho kwenye simu. Hakijawa kipimo cha kumpa mtu mmoja majibu, na hata picha za retina zinazochunguzwa kwenye hospitali kubwa za dunia bado si njia ya kawaida ya kusema fulani ana dimensia. Cha kuchukua hapo ni hiki: mabadiliko ya kuona yanaweza kutangulia kusahau kwa miaka mingi, kwa hiyo yanapotokea tusiyapuuze.

Sasa tuingie nyumbani. Tuanze na macho yenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye matumaini zaidi.

Mtoto wa jicho huja polepole. Rangi hufifia, mwanga wa jua huumiza, taa za magari ya barabara ya Lunga Lunga usiku hutawanyika, na sura ya mtu aliyesimama mlangoni akiupa jua mgongo huwa kivuli kitupu. Mzee wa hivyo atakupita bila salamu. Atatia chumvi mahali pa sukari. Ataacha kwenda harusini kwa kuwa anaona aibu kutowatambua watu, na akikaa ndani miezi sita bila mazungumzo, hata kumbukumbu nzima huanza kulegea. Watoto wataona mtu aliyenyamaza, anayekosea vitu na asiyewajua wajukuu, waseme amechanganyikiwa. Upasuaji wenyewe hufanywa kwa ganzi, kwa kawaida hauchukui hata saa nzima, na lenzi iliyochafuka hutolewa ikawekwa nyingine ya bandia. Wengi bado wanaamini kwamba mtoto wa jicho asubiriwe mpaka akomae. Ushauri huo ulikuwa wa zama zilizopita. Siku hizi kinachoamua ni maisha yanavyoathirika, na mtoto wa jicho aliyeachwa hadi akakomaa sana huleta ugumu zaidi kwenye upasuaji.

Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, ni adui wa namna nyingine. Aina yake iliyoenea haiumi na inakula uoni wa pembeni kwanza. Mzee anaendelea kukutazama usoni vizuri, lakini anagonga bega kwenye fremu ya mlango, anakanyaga kuku, anashtuka mtu akitokea ubavuni. Inatushika sisi Waafrika mapema na kwa ukali kuliko watu wengi wengine, na hukaa katika ukoo: akiwa nayo bibi, wewe uliyepita miaka 40 nawe ukapimwe. Kilichopotea hakirudi. Matone ya dawa hulinda kilichobaki, na hapo ndipo kumbukumbu inapoingia tena, maana matone ya kila siku humtaka mtu akumbuke. Mzee aliyeanza kusahau hawezi kuachiwa kazi hiyo peke yake.

Kisukari na presha ya kawaida nazo huharibu vishipa vidogo vya retina, na vishipa vya namna hiyo hiyo viko ndani ya ubongo. Daktari akisema ameona damu imevuja nyuma ya jicho, hiyo ni habari ya ubongo pia. Mwulize hapo hapo: presha yake ni ngapi, sukari ni ngapi, na dawa anazokunywa zinatosha?

Kisha kuna miwani. Nimeona wazee wengi wanaovaa miwani ya marehemu, miwani iliyonunuliwa stendi, au yao wenyewe ya zamani iliyochubuka hata wewe mwenye macho mazima ukiivaa huoni kitu. Kabla ya yote, ivue, ioshe kwa maji na sabuni, uangalie.

Na ule mviringo wa kijivu au samawati unaozunguka mboni za wazee wengi? Hauhusiani na dimensia. Kwa mzee ni jambo la kawaida. Akiwa nao kijana wa chini ya miaka 40, apimwe mafuta kwenye damu.

Ikiwa macho yamepimwa, miwani ni sawa, mtoto wa jicho ametolewa, na bado mzee anakosea, basi sikiliza makosa yenyewe yakoje. Kuna aina ya dimensia inayoanzia sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshughulika na kuona. Mara nyingi hushika watu wa miaka ya 50 na 60, watu ambao hakuna anayewafikiria kuwa wazee. Mwandishi wa Kiingereza Terry Pratchett, aliyetangaza ugonjwa wake mwaka 2007, alikuwa nayo. Mgonjwa huambiwa na daktari wa macho kwamba macho ni mazima, na ni kweli, ila yeye anapapasa kando ya kikombe badala ya kukishika. Anasoma mstari mmoja wa gazeti, wa pili unampotea. Ukimwambia akuletee ufunguo ulio mezani kati ya vitu vingine, anaona kila kitu isipokuwa ufunguo. Anakadiria vibaya lori lililo mbali na lililo karibu, na kwenye barabara yetu yenye malori ya miwa hilo ni jambo la uhai. Mtu wa hivyo asiendeshe pikipiki wala gari mpaka achunguzwe.

Alzheimer ya kawaida, ambayo pia ni dimensia, nayo inaweza kuvuruga kutofautisha rangi zinazokaribiana, kupima kina cha ngazi, na kutambua sura. Jaribu kusikiliza kinachotokea ukitoa sauti. Bibi ambaye shida yake ni macho, ukimwita tu "Bibi, shikamoo," uso unafunguka na jina lako linatoka. Ambaye hata sauti haimsaidii, akakuita kwa jina la ndugu yake aliyefariki zamani, huyo anahitaji zaidi ya miwani. Akina mama wanaosuka ukili wana kipimo chao wasichokijua. Mikono ya msusi mzoefu inaijua kazi, anaweza kusuka huku anazungumza na bila kuangalia. Macho yakififia, anakosea rangi ya miyaa lakini msuko unakwenda. Anapoanza kupotea kwenye msuko wenyewe, akafumua, akarudia, akakwama pale pale alipopita maisha yake yote, hapo angalia akili. Vivyo hivyo kwa mzee aliyesali adhuhuri, na baada ya dakika kumi akatandika tena msala, siku moja baada ya nyingine. Kusahau rakaa mara moja humpata kila mtu. Kurudia swali lile lile mara tano asubuhi moja, kupotea njia ya shambani aliyoizoea, kuacha sufuria motoni mara kwa mara, kushindwa kuhesabu chenji: macho hayaelezi hayo.

Haya si vipimo vya kumtangazia mtu ugonjwa. Ni mambo ya kuandika kwenye daftari, kwa tarehe, ili ukifika hospitalini usiseme tu kwamba anasahausahau.

Lipo jambo linalozitisha nyumba kuliko yote: mzee anayeona visivyokuwepo. Anasema watoto wadogo wamekaa pembeni ya kitanda. Anasema mtu mwenye kofia amesimama uani. Hapa Pwani neno la kwanza ni jini, na mganga anaitwa kabla ya daktari. Siingilii imani ya mtu, na dua haimzuii daktari. Lakini mjue kwamba mwaka 1760 mwanachuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu kabisa ambaye macho yake yalikuwa yamekufa kwa mtoto wa jicho, na ambaye aliona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni, wakati mwingine hujitengenezea zake. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hukwambia mwenyewe kwamba anajua si kweli, na vitu anavyoviona havina sauti. Wengi huficha wakiogopa kuitwa wendawazimu. Muulizeni kwa upole, na akikubali mwambieni kwamba jambo hili linajulikana na halina maana kwamba akili imeondoka.

Ila ikiwa anaviamini, anazungumza navyo, na pamoja na hayo mwendo umekuwa mzito, mikono inakakamaa au inatetemeka, usingizini anapiga mateke na kupiga kelele, na akili yake leo iko wazi kesho imefunga, kuna dimensia ya aina ya miili ya Lewy inayofanana na hivyo. Mwambie daktari neno hilo mapema, kwa sababu wagonjwa hawa hudhurika vibaya na baadhi ya dawa za kutuliza zinazotolewa kwa wanaofanya fujo, haloperidol ikiwa mojawapo.

Na ikiwa kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, kwa siku mbili tatu, usifikirie dimensia kwanza. Fikiria malaria, maambukizi ya mkojo, kichomi, sukari iliyopanda au kushuka, kukosa maji mwilini, hasa Ramadhani kwa mzee mwenye kisukari anayeona haya kufungua. Fikiria dawa. Vidonge vya mafua na mwasho kama Piriton, ambavyo tunavinunua dukani bila kuuliza, vinaweza kumvuruga akili mzee, kumtia ukungu machoni na kumzuia mkojo. Hata matone ya macho aina ya atropine yanaweza kuwachanganya baadhi ya wazee. Chukua dawa zote anazotumia, za hospitali, za duka na za miti, zitie kwenye mfuko mmoja ziende naye kliniki. Uoni ukipotea kwa dakika chache tu, jicho moja au upande mmoja wa macho yote, au mdomo ukapinda, mkono ukalegea, maneno yakavurugika, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Usiku huo huo, kwa gari la jirani au lolote, apelekwe hospitali ya Msambweni.

Nimefika kwenye macho mekundu, na hapa siwezi kuandika kwa utulivu. Usukumani, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi wakiambiwa ni wachawi, na wekundu wa macho yao ukachukuliwa kuwa ushahidi. Wekundu ule uliletwa na moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia maisha yao yote. Kilifi, mvi zimekuwa kosa. Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa, na Kwale yetu haijasalimika na maovu hayo. Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa kwa kuchomwa moto Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hizo hizo. Sasa mweke bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa mafiga, mwenye dimensia inayomtoa usiku nyumbani kwake, akakutwa saa nane uani kwa jirani akiwa hana nguo sawasawa, asijue amefikaje. Huyo ni mgonjwa aliyepotea njia. Anayemwita mchawi anamhukumu kifo, na kijana wa nyumba anayenyamaza kwa sababu ya aibu au kwa sababu ya shamba anashiriki.

Kwa hiyo waambieni majirani mapema. Mwambieni mzee wa mtaa, imamu au mchungaji, mwenye duka na vijana wa bodaboda wa stejini: bibi yetu ni mgonjwa wa kusahau, akionekana peke yake tupigieni simu. Familia nyingi huficha kwa heshima ya mzee. Naelewa, lakini kwenye jambo hili kuficha ndiko kunakomhatarisha.

Njia yenyewe ya kupata huduma si ndefu sana kama wengi wanavyodhani. Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowapa vifaa, wahudumu hao wanapaswa kuwa na mashine ya presha na ya sukari, na wanaweza kupima nyumbani na kuandika rufaa. Kutoka hapo nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni, uulize kliniki ya macho. Kwale kuna kituo cha macho, Kwale Eye Centre, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambacho upasuaji wa mtoto wa jicho ni kazi yake ya kila siku na ambacho hutuma kliniki vijijini. Sikiliza matangazo ya msikitini na ya chifu kuhusu siku za kambi za macho. Ukivuka feri, Mombasa kuna hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ, na kwa mambo ya ubongo kuna Hospitali ya Coast General. Mwandikishe mzee SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hajaugua, na hakikisha majina kwenye kitambulisho yanalingana, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama wakiwa wameshafika dirishani.

Yule mzee asiyejua kusoma apimwe kwa chati ya herufi E, ambapo anaonyesha kwa mkono tu E imeelekea wapi. Mwambie mpimaji kwamba mzee anasahau, ili asiharakishwe. Omba aangaliwe nyuma ya jicho kwa kupanuliwa mboni, na apimwe presha ya macho. Baada ya dawa ya kupanua mboni hataona vizuri kwa saa kadhaa, basi awe na mtu wa kumshika mkono. Upasuaji ukipangwa, swali la kuuliza ni nani atamtia matone nyumbani kwa wiki zinazofuata. Jicho lililopasuliwa halifikichwi, haliingizwi maji machafu, na halitiwi maziwa ya mama, sukari wala maji ya majani, hata aliyependekeza awe nani.

Macho yakishatengenezwa na kusahau kukabaki, rudi Msambweni uombe uchunguzi wa akili na vipimo vya damu: sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU. Baadhi ya sababu hizo hutibika. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga baada ya kumuuguza baba yake, husaidia familia kwa ushauri, na kuzungumza na mwingine anayeuguza ni msaada usiouzwa na duka lolote la dawa.

Nyumbani, pesa kidogo hufanya mengi. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe, juu ya kitambaa cheupe, mzee haoni. Anachezea ukingo wa sahani, anashiba hewa, mnasema hamu imekwisha. Huko Boston, watafiti wakiongozwa na Alice Cronin-Golomb waliwapa wagonjwa wa Alzheimer chakula kwenye sahani nyekundu zilizokolea, na chakula walichokula kikaongezeka kwa asilimia 25. Sahani nyekundu ya plastiki inauzwa soko la Ukunda. Sima iende kwenye sahani hiyo, na mchuzi uwe bakuli la rangi nyingine.

Tazama pia sakafu. Mkeka wenye mapande meusi unaweza kuonekana shimo. Utamwona anasimama, ananyanyua mguu juu sana, anarudi nyuma, nanyi mnadhani anakataa kuingia chumbani. Utoe. Paka kizingiti rangi nyeupe au ya njano. Weka taa ya sola kutoka kitandani hadi chooni, na kamba ya kushika ikiwa choo kiko uani. Akiwa anazozana na mtu kwenye kioo, kifunike kwa leso bila kumbishia. Ukiingia chumbani, ingia kwa mbele, jitaje: "Bibi, ni mimi, Fatuma, mwana wa Halima." Usimwulize "unanijua mimi nani?" Swali hilo wageni hulipenda, wanacheka, na mzee anabaki na aibu ya siku nzima.

Wewe uliye mbali, simu ya video ina kazi zaidi ya salamu. Mwambie aliye naye ashike simu imara, kisha angalia bibi anatazama wapi: usoni kwako, kando ya skrini, au anageuza kichwa akutafute kwa upande? Ananyoosha mkono kuchukua chai na kuipata mara ya kwanza? Mtajie habari aliyokupa wiki iliyopita uone kama anaikumbuka. Kisha usiishie kutuma pesa na ujumbe wa "mpelekeni hospitali". Mteue mtu mmoja kwa jina, mpe nauli, mpe daftari, na muulize majibu yaliyoandikwa. Pesa za Inua Jamii, zile serikali inazowapa wazee, na namba ya siri ya simu yake zishughulikiwe na watu wawili wanaoaminika, kwa kujuana, angali anaweza kusema mwenyewe anamtaka nani.

Anayemwuguza apumzike. Mara nyingi ni mkaza mwana au binti mmoja aliyeacha kazi yake, na ndugu wanne wanatoa maoni. Gawaneni siku. Jumamosi moja kwa mwezi kila mmoja alale kwa mama, ili huyo mmoja alale usingizi.

Mkitoka kliniki, ombeni tarehe ya kurudi na muiandike ukutani kwa maandishi makubwa meusi. Jicho la pili huwa na zamu yake miezi michache baadaye, na wengi hawalirudii kwa kuwa la kwanza limeshaanza kuona.